Chura wa Kisiki cha Mwanzi

Mlima ulimeguka kama ugali uliolala. Njia waliyopandia iliteremka bondeni na miti yake yote, na Kasiani pia. Stambuli alipomfikia, jiwe lilikuwa limempasua paja, na ukungu wa Uluguru umetanda hata asione nyayo zake mwenyewe.

Mdachi aliyewatuma wamtafutie chura mmoja adimu alikuwa kambini, huko chini, anakunywa kahawa. Neno lake lilikuwa fupi: chupa ikirudi bila chura, viboko kumi na viwili.

"Kaza kitambaa," Kasiani alisema. "Kaza, mtani! Unapapasa nini?"

"Nikikaza sana utapona, nami nitaikosa kofia yako, haki ya mtani msibani."

Utani wa Mnyamwezi na Mluguru haujali damu. Lakini siku ya pili, walipoupita mti uleule mara ya tatu wakiegemeana, Stambuli alinyamaza. Paja lilikuwa limevimba na kuanza kunuka. Kasiani alitetemeka kwa homa, ila ukimya ule ndio uliomtisha zaidi.

"Sema hata upuuzi, mtani."

"Umeniishia."

"Basi nipe maji."

Stambuli akatambaa hadi kwenye mianzi, akatumbukiza mkono ndani ya kisiki kilichojaa maji ya mvua. Kitu kikampanda kidoleni. Alipiga yowe. Kiganjani alikaa chura asiyezidi ukucha wa kidole gumba: mgongo mweusi, tumbo la madoa ya buluu hafifu, mikono ya vidole vitatu vitatu. Ndiye!

"Kisiki kimevunjika au kimekatwa?" Kasiani aliuliza.

"Kimekatwa mshazari."

Kasiani akainua kichwa. "Kwetu Uluguru mkata mianzi husimama upande wa nyumbani, mwanzi uangukie huko. Mkato huinamia kijijini. Fuata visiki. Na huyo chura mtie chupani, uokoe mgongo wako."

Stambuli aliitazama chupa ya spiriti ya kumhifadhia chura, akalitazama paja. Akamrudisha chura majini kwake, kisha akaimimina spiriti yote kidondani. Safari hii aliyepiga yowe ni Kasiani.

Akambeba mgongoni, akishuka kwa kupapasa. Kisiki, maji, chura akiruka, mkato. Kisiki kingine. Mara mguu ulikanyaga hewa, wakaning'inia kwenye mzizi, mawe yakidunda chini kwa muda mrefu mno. Wote wawili walilia, hakuna aliyemcheka mwenzake. Kisha kisiki kingine. Hatimaye shoka likalia mbele yao, mtu akakohoa, na moshi wa kuni ukawaingia puani.

Kesho yake, kambini, Mdachi aliipindua chupa tupu, akamwita askari.

Kasiani, aliyelazwa kibandani mguu ukiwa umefungwa vijiti vya mianzi usitikisike, alivisikia viboko vyote kumi na viwili. Baada ya cha mwisho kukawa kimya. Akatega sikio.

"Mtani!" sauti ya Stambuli ikaja, imekatikakatika. "Kofia yako siitaki tena. Ina chawa."