Usimjibu Cherop

Jumamosi nyumbani kwa Johana, nje kidogo ya mji wa Kericho, hakuna mtu aliyelala baada ya kupambazuka. Ilikuwa ni kapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, wote shambani kuchuma majani chai kabla lori la kiwanda halijafika kituoni. Fancy, binti yake wa darasa la sita, alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mama yake, Rebeccah, alizoea kusema kwamba kama maneno yangepimwa kwa kilo, nyumba yao ingekuwa ya ghorofa.

Jumamosi moja ya mwaka 1996 Fancy alikuwa akichuma na rafiki yake Lynn, binti wa Mzee Wambugu mwenye duka. Mvua ya alasiri ilipoanza, wakasikia mbwa wakibweka upande wa mtoni. Walikimbia huko, lakini walichelewa. Mbega jike alikuwa amelala katikati ya michai, ameshakufa. Mtoto wake, mweupe mwili mzima kama mbega wote wachanga, alikuwa ameng'ang'ania shina la mchai, analowa na kulia.

Mbega ni mnyama wa juu mitini. Hashuki chini bila sababu, na sababu yenyewe ilijulikana na kila mtu pale. Mwaka uliopita Johana alikuwa amekata mstari wa miti uliounganisha msitu wa mtoni na ule wa mlimani, ili aongeze michai. Tangu hapo, mbega wakitaka kuvuka, walipita chini mbele ya mbwa.

"Usimguse, atakuuma," Lynn alisema.

"Anasikia baridi," Fancy akajibu. Tayari alikuwa amevua sweta na kumfunika.

Kwa Wakipsigis, mtoto hupewa jina kulingana na wakati aliozaliwa. Huyu alikuja mvua ikinyesha, basi Fancy akamwita Cherop. Na jina likishatolewa, nani tena atamnyima mtoto chakula? Rebeccah alishusha kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yenye unga wa mkaa ambayo hupewa mgeni wa heshima, akamnywesha kwa kijiko. Fancy akaongeza ugali laini, ndizi na chai yenye sukari ya kutosha. Cherop alikula kila kitu. Hata Johana, ambaye siku ya kwanza alinuna, alionekana akimmegea ndizi akidhani hakuna anayemwona.

Baada ya siku chache tumbo la Cherop lilianza kufura. Lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo. Aliacha kula, akashika kola ya Fancy kwa vidole vyake vyembamba na kupumua kwa shida. Fancy alimkanda, akamwimbia, akamwombea. Rebeccah alimpa mursik zaidi, maana hiyo ndiyo dawa aliyoijua, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Daktari wa mifugo wa kijiji aliitwa. Alimtazama Cherop, akakuna kichwa. "Mimi ni wa ng'ombe, Fancy. Nikimdunga huyu sindano naweza kumuua. Baba yako aende mjini apigie simu watu wa wanyamapori."

Johana alienda. Fancy alibaki jikoni amempakata Cherop, hana la kufanya. Kumpenda mtu na kukosa la kumfanyia ni uchungu ambao hauelezeki, na Fancy, msichana wa maneno mengi, alikosa hata neno moja.

Kesho yake alikuja mwanamke mfupi mwenye buti za matope. Aliitwa Daktari Bosibori. Kwa miaka mingi alikuwa amelea sokwe mayatima waliookolewa kutoka nchi zenye vita, na sasa alihudumia wanyama wa misitu ya huku kwetu.

"Amekula nini?" aliuliza.

"Mursik," Rebeccah alisema kwa fahari. "Na ugali, na chai. Hatukumnyima kitu, Daktari."

Daktari Bosibori alilibonyeza tumbo la Cherop kwa vidole viwili. "Mama, mmempa kile mnachompa mgeni mnayempenda. Lakini tumbo la mbega huyu limeumbwa kwa majani. Ugali na sukari vinachacha humo ndani na kumjaza hewa."

"Kwa hivyo ni mimi niliyemuumiza," Fancy alisema.

"Ulimuumiza bila kujua. Sasa unajua. Nishikie kichwa chake."

Alipitisha mrija mwembamba wa mpira mdomoni mwa Cherop mpaka tumboni, na hewa ikatoka polepole. Johana alitumwa mtoni kuleta majani machanga ya miti ambayo mbega hula. Siku mbili za kwanza hakuna aliyejua kama Cherop atapona. Siku ya tatu alitafuna jani moja, akalitema, akatafuna lingine. Fancy alilia kwa furaha. Ndipo Daktari akampa habari nyingine.

"Lazima arudi kwa wenzake."

"Si akae na mimi? Nitamlisha majani tu, naahidi."

"Akikaa na wewe atakua bila kujua namna ya kuwa mbega. Akiwa mkubwa atauma watu, na wewe mwenyewe utamfunga kamba. Majike wa kundi lake hubeba watoto wa wenzao. Wakimsikia akilia, huenda wakamchukua. Tutamweka mtini, sisi turudi nyuma. Atakulilia, Fancy. Usimjibu."

Walimweka juu ya mti pembeni mwa msitu wa mtoni, kundi likiwa matawini upande wa pili. Cherop alitazama huku na huku, akaanza kulia. Fancy alivumilia kidogo tu. Kisha alikimbia, na Cherop akamrukia shingoni. Huko juu, mbega wote walitoweka kwenye majani.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Fancy zaidi. "Tutajaribu kesho," alisema. "Ikishindikana, sitamrudisha tena hapa. Kundi litakuwa limemzoea kama kitu cha watu. Nitampeleka kwenye kizimba, na atakaa humo maisha yake yote."

Usiku Fancy hakulala vizuri. Asubuhi, walipokuwa wakitoka, alichukua kapu lake.

"La nini?" baba yake akamuuliza.

"Mikono yangu haisikii nikiiambia ikae, Baba. Afadhali ichume."

Basi Cherop akawekwa mtini, na Fancy akasimama kwenye michai akiwa ameupa msitu mgongo. Kilio kilianza. Kilikuwa kile kile cha siku ya mvua. Fancy alichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, machozi yakimdondokea kwenye aproni. Hakuona vizuri anachochuma. Johana alikuja akasimama kando yake, akaanza kuchuma naye.

"Ananiita," Fancy alisema.

"Nasikia."

"Baba, anadhani nimemtupa."

Johana alitupa konzi ya majani kapuni. "Ile miti niliikata mimi," alisema. "Mama yake angepita juu. Wewe chuma tu, mwanangu. Usigeuke."

Kilio kiliendelea mpaka sauti ya Cherop ikakwaruza. Kisha kikakatika ghafla. Fancy aliganda na majani mkononi. Aliwaza mbwa, aliwaza tai, aliwaza mabaya yote, na bado hakugeuka.

"Sasa tazama," Daktari Bosibori alimnong'oneza.

Jike mmoja alikuwa ameshuka hadi kwenye lile tawi. Cherop alikuwa kifuani pake, ameshika manyoya kwa mikono yote miwili. Majike wengine walikuwa wakimnusa. Hakuna hata mmoja aliyetazama upande wa Fancy, na Cherop pia hakutazama.

Msimu wa mvua uliofuata, Johana alipanda mstari mpya wa miti mahali pa ile aliyokata, akang'oa michai yake mwenyewe ili kupata nafasi. Daktari Bosibori alikuja kufunga kamba nene juu ya pengo, mbega wavukie mpaka miti ikue. Jioni moja waliwaona wakivuka mmoja mmoja, mikia myeupe ikining'inia.

"Cherop ni yupi?" Fancy aliuliza.

"Sijui," Daktari alisema.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Weupe wa uchanga umewatoka, watoto wote sasa ni weusi na weupe kama wakubwa. Fancy, kupenda peke yake hakutoshi, ulikaribia kumuua kwa kupenda. Inabidi ujue anachohitaji yule unayempenda, umpe hicho, hata kama anachohitaji ni wewe kukaa mbali."

Fancy alifikiri. "Mtu husomea nini ili afanye kazi yako?"

"Baiolojia. Na kunyamaza, ambako ni kugumu zaidi."

Mbega mdogo alisimama katikati ya kamba, akatazama chini kwenye michai. Fancy alifungua mdomo kuita jina. Kisha akaufunga, akainama, akaendelea kuchuma.