Mkono wa Upande wa Kulia

Niwieni radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Hadithi ya kutisha inataka msimuliaji mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yaliyoingia ndani. Mimi nina sauti ya dalali na tumbo linalofika mlangoni kabla yangu. Maisha yangu yote nimekula kwa kuchekesha watu jukwaani. Lakini yaliyompata shemeji yangu hakuna mwingine wa kuyasema, kwa hiyo vumilieni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la kawaida, watu wa kawaida, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. Nilikwenda kwa dada yangu mkubwa. Yeye na mumewe walipanga chumba na sebule katika jengo refu lililojengwa juu ya ule uwanja wa bembea wa zamani. Wa rika langu mtakuwa mnaukumbuka: gurudumu kubwa lililokupandisha mpaka ukaona paa la shule yenu, farasi wa mbao waliochubuka masikio, vigari vya kugongana, na harufu ya sukari inayoungua iliyokufuata mpaka kitandani. Siku hizi pale penye farasi pana matangi ya maji, na pale penye gurudumu watu wanaegesha magari na kutukanana. Mtoto akitaka kuchezea uani, mlinzi anamfukuza. Haya ndiyo maendeleo, tumeambiwa tushukuru.

Shemeji alifanya kazi uwanjani tangu ujana. Kazi yake mngeisikia mngecheka. Alikuwa mkono. Ndani ya Nyumba ya Giza, mlikolipa kwenda kutishwa, mlipokuwa mnapapasa ukuta kwenye kona, yeye alikaa nyuma ya pazia na glavu ya sufi aliyoichovya kwenye ndoo ya barafu, akawagusa nyuma ya shingo. Yeye upande wa kushoto, mwenzake upande wa kulia. Huyo mwenzake walimwita Kobe, kwa uvivu wa kutembea. Uwanja ulipovunjwa, Kobe alikaa nyumbani miezi michache, akafa.

"Aliumwa nini?" nilimuuliza shemeji zamani zile.

"Hakuumwa. Alikosa kelele."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa, jengo hilo lina korido ya chini isiyo na dirisha hata moja, maana mwenye jengo aliona dirisha ni hasara. Korido inapinda, inapinda tena, ndipo unafika kwenye ngazi. Umeme ukikatika, hata mchana ni usiku. Na mwaka ule wote, kila ulipokatika, kuna aliyeguswa. Muuza mitumba wa juu aliguswa, akaacha viatu vyake njiani. Mama mmoja aliguswa, akafika ngazini kola ya gauni inachuruzika maji. Wapangaji wakakaa, wakaulizana nani humu anajua kazi ya kushika watu shingo gizani. Hawakuhitaji kufikiri sana. Neno "mchawi" lilianza kwa kunong'onwa, likaishia kuandikwa kwa mkaa mlangoni kwa dada yangu.

Siku hiyo kamati ya wapangaji ilikuwa inaamua kama dada na mumewe wahame au wabaki. Mwenyekiti wao alikuwa nesi mstaafu, mwanamke ambaye macho yake yanakupima presha kabla hujamsalimia. Ni mimi niliyetoa wazo.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "mshike shemeji yangu mikono yote miwili, hapa ngazini, mbele ya wote. Zimeni swichi kuu. Mimi nitapita koridoni peke yangu. Nikiguswa huku wewe umemshika, mtajua si yeye."

Akafikiri. "Na tutajuaje umeguswa?"

"Mtanisikia."

Dada akanivuta shati. "Mdogo wangu, leo usilete vituko. Nakuomba. Hatuna pa kwenda."

Shemeji alinisindikiza mpaka mlango wa mbele wa korido. Akaniinamia sikioni.

"Ukiguswa, piga kelele. Kelele ya kweli."

"Nisipopiga?"

"Kazini kwetu aliyecheka tulimfuata. Aliyelipa aogope kutoka hajaogopa, ilikuwa mwiko. Tulimfuata mpaka apige yowe. Na Kobe... Kobe alikuwa na wivu wa kazi kuliko mimi. Shemeji, wote hawa wanaguswa upande wa kulia."

Akarudi ngazini kupitia uani. Nikamsikia Mwenyekiti akisema, "Lete mikono." Taa zikazimika.

Nikaingia.

Ukuta ulikuwa na vumbi la chokaa. Nikapapasa. Kona ya kwanza, hamna kitu. Nikaanza kupiga mluzi. Kwa mbali niliwasikia wapangaji ngazini wakinong'ona, na mtu akikohoa. Nami, Mungu anisamehe, nikikaa gizani nikasikia watu wengi wananisubiri, kuna kitu ndani yangu kinavaa koti na kupanda jukwaani.

Kona ya pili.

Harufu ikaja kwanza. Sukari inayoungua.

Nikasimama. Mluzi ukakauka.

Kisha maji. Tone moja, kwenye kola. Halafu vidole. Vinne, na gumba. Vilitulia nyuma ya shingo yangu polepole, kama mtu anayejua kazi. Kutoka kulia.

Yowe lilinifika kooni. Nawaapia lilinifika. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Bwana wee, vidole hivi umeviazima friji gani?"

Ngazini wakapasuka kwa kicheko.

Mkono haukuondoka.

Ukakaza.

Nikapeleka mkono wangu nyuma. Nikaushika ule ulionishika. Glavu ya sufi, imelowa chepechepe. Nikaiminya. Ndani hamkuwa na kitu. Ilibonyea kama soksi. Na bado ilikuwa imenishika.

Taa zikawaka. Korido tupu. Nilipofika ngazini wengine walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Shemeji hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa ndani ya mikono ya Mwenyekiti, na macho yake kwenye kola yangu.

"Nimeguswa!" nikasema. "Angalieni shati! Limelowa!"

"Jasho," akasema muuza mitumba. "Na mwili huo."

"Sote hapa tulipoguswa tulipiga mayowe," Mwenyekiti akasema. "Wewe umepiga soga. Mmetuletea mchezo wa kuigiza, wewe na shemeji yako."

Basi nikapiga yowe pale pale. Refu, safi, lenye mtetemo mwishoni.

Wakanipigia makofi.

Dada na mumewe wakapewa mpaka mwisho wa mwezi wawe wamehama. Nilikwenda kusaidia kubeba vitu. Dada alifunga vyombo kwenye shuka bila kuniangalia. Shemeji alinifuata mlangoni akanigusa nyuma ya shingo kwa kidole kimoja, akakiangalia. Kilikuwa na maji.

"Ulicheka," akanong'ona.

"Nilicheka, shemeji."

Akafumba macho.

Sasa wanaishi chumba kimoja mwisho wa mji, na kule nako habari imeshafika. Kwenye lile jengo hakuna aliyeguswa tena. Wapangaji wanasema si mnaona, tulipomtoa mchawi kumetulia. Utawabishia nini? Ushahidi wanao.

Mimi nina shati kwenye kamba. Lilifuliwa, likapigwa na jua la siku nzima, limekauka mpaka linasimama lenyewe. Isipokuwa kola, kwa nyuma, upande wa kulia. Pale pamelowa. Nikivaa jingine, na hilo hulowa. Nikipita mlango wowote wenye giza, sukari inaungua.

Nimejaribu kupiga kelele. Kila glavu ikinishika napiga, majirani wameshazoea. Haiachii. Nadhani anajua naigiza.

Wala simlaumu Kobe, yeye yuko kazini. Miaka yote hii watu wameniomba ninyamaze nikakataa. Siku moja tu nikaombwa nipige kelele, nikaona nichekeshe.