Macho Mawili Yanahitajika

Kompyuta ile haikuwahi kusema Kiswahili, na siku iliposema ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Binti alikuwa ameketi mbele yake tangu asubuhi akiweka maktaba za michoro kwenye Linux, mfumo unaoiendesha mashine hiyo; maktaba ni vile vifurushi vya kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine ili wewe usiumize kichwa kuchora kila mstari. Kila kifurushi kilitaka kingine, na hicho kikataka chake. Waandishi wa programu ama ni watu wa subira ama ni wakaidi, na huyu subira hakuwa nayo hata chembe. Kwa miaka kumi na moja mashine zilimuuliza kwa Kiingereza kama ziendelee: Y kukubali, N kukataa. Mchana ule, kwenye kifurushi cha mwisho, swali lilikuja kwa Kiswahili, tena cha adabu: "Naomba kuendelea. [N/h]"

Alicheka. Alidhani kuna mtu mahali fulani kajitolea kutafsiri, akampongeza kimoyomoyo, akabonyeza kitufe cha kuendelea bila hata kuchagua herufi.

Chumba cha pili mama yake alikuwa kwenye cherehani. Wateja walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake hulioni hata ukiigeuza nguo ndani nje. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, jambo alilojisifia kwa yeyote aliyethubutu kumuuliza umri. Programu aliyokuwa akiiandika binti ilikuwa kwa ajili yake: mteja aone gauni likiwa mwilini mwake kwenye kompyuta, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Dirisha la majaribio likafunguka. Lilipaswa kuonyesha pembetatu moja ya rangi, maana kila anayejifunza kazi hii huanza na pembetatu. Likawa jeusi tii. Feni ya kompyuta ikanyamaza, chumbani kukaingia harufu ya nywele zilizoungua, na maandishi yakaanza kutokea herufi moja moja, kama ya mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

"Maktaba hii inahitaji macho mawili. Yapo chumba cha pili. Niyachukue? [N/h]"

Aliogopa, lakini hasira ilitangulia woga. Kidole hakikungoja akili. Kilirukia herufi ileile aliyoizoea kukatalia mashine miaka yote, kikabonyeza N.

Ndipo akasoma tena. N ilikuwa ndiyo. H ndiyo iliyokuwa hapana.

Cherehani ikasimama.

"Mwanangu," mama aliita kwa sauti ya kawaida kabisa, "mbona umezima taa?"

Ilikuwa saa nane mchana na jua limejaa nyumba nzima.

Alimkuta ameshika sindano hewani, macho wazi, safi, hayaoni kitu. Alimweleza yote huku akilia. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe ulikijibu kitu hicho?"

"Nilikataa, mama. Nilikataa kwa Kiingereza."

Mjomba alipopigiwa simu alifika upesi na mganga wake. Mganga alinusa ile harufu, akachungulia kompyuta akiwa kwenye mlango kati ya vyumba viwili. Lile dirisha sasa lilionyesha chumba cha mama: cherehani, meza, kisha mama alipogeuza kichwa, mlango, na miguu ya mganga mwenyewe aliyesimama mlangoni. Jini la mashine lilikuwa linamtazama kwa macho ya mama. Mganga alirudi kinyumenyume mpaka uani, akatoa amri kutoka huko kwamba mashine ivunjwe na ichomwe moto.

Binti alisimama mbele ya meza. "Macho ya mama yangu yamo humu. Atakayeigusa atanipitia mimi kwanza."

Mganga akakumbuka ana mgonjwa mwingine, na mjomba akamsindikiza, tena mbio.

Binti akaketi. Akachapa amri ya kuondoa maktaba. Jibu likaja: "Siondoki. Nimepewa." Akachapa tena, na tena. Mara ya nne likaja swali: "Nichukue yako, nimrudishie yake? [N/h]" Safari hii alilisoma vizuri sana. Akapeleka kidole kwenye N, akijua anachofanya.

"Linasemaje?" mama aliuliza kutoka kule.

Alimwambia ukweli.

"Usiguse kitu. Njoo unishike mkono."

Walikuja polepole, mama akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, na kadiri uso wake ulivyogeukia meza ndivyo dirisha lilivyoonyesha ukuta, kisha kiti, kisha kompyuta yenyewe, na ndani ya kompyuta hiyo kompyuta nyingine, na ndani yake nyingine ndogo zaidi, zikishuka chini bila mwisho kama kisima, na feni ikaanza kuunguruma, na harufu ya nywele ikawakaba koo, na kule chini kabisa binti akaona kitu kimechuchumaa kimewapa mgongo, kimefunika kichwa kwa mikono mirefu kupita kiasi.

"Kuna nini?" mama alinong'ona.

"Kimeficha uso."

"Kumbe kina haya. Kinaona kwa macho yangu; basi kijitazame." Mama akakaza shingo, akakikodolea yale macho yasiyoona. "Nimeshona nikiwa na homa. Nimeshona nina uchungu wa kukuzaa wewe. Kiambie nina siku nzima."

Hakupepesa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Kule chini kile kitu kikaanza kugeuka, kikivutwa na macho kiliyoyaiba, na maandishi yakaja mbiombio, yakikosea herufi: "Mwambie ageuze uso. Nitarudisha akigeuza uso."

Binti akachapa: "Rudisha kwanza."

Feni ikapiga yowe, dirisha likawa jeupe, halafu kimya. Pembetatu ndogo ilikuwa imekaa katikati, nyekundu, kijani na buluu.

Mama alipepesa. "Ndiyo hiki ulichokikalia tangu asubuhi?"

Binti alicheka na kulia kwa pamoja, akainama kuchomoa waya wa umeme. Mama akamshika mkono.

"Kilipojitazama na mimi niliona," alisema. "Nyuma yake kuna macho mengine, mwanangu. Mawili mawili, mpaka yanapoishia sikuona. Mengine ni ya watoto. Yalikuwa yananitazama mimi."

Alivuta kigoda, akaketi sawasawa mbele ya kompyuta, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Kiite tena."