Kadi ya Sikujua

Jumamosi ile kibanda umiza cha Hemedy, nyuma ya stendi ya Kibiti, kilijaa mpaka wengine wakakalia kreti za soda. Wanaume watupu. Karanga, jasho, kelele, na kwenye runinga timu mbili za Uingereza zinakimbizana. Ndipo pazia la mlangoni lilipofunuliwa, akaingia mwanamke.

Alivaa dera la zambarau, ushungi mweupe uliobanwa kwa pini ndogo, na miguuni raba zilizojaa vumbi la uwanja. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya runinga, akashika kiuno.

"Nani mwenye rimoti?"

"Dada, unaziba!"

"Naziba kwa makusudi. Mabinti zetu wa chini ya miaka kumi na saba wanacheza sasa hivi, wanatafuta kufuzu Kombe la Dunia, nyinyi mmewakodolea macho watu ambao hata Kibiti hawaijui. Rimoti iko wapi?"

Kibanda kilichemka. Wa nyuma walizomea, wa mbele walicheka. Kijana mmoja akainuka, mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Huyo ni Haidari, karani wa vyeti vya kuzaliwa pale wilayani, mpole ambaye hajawahi kugombana hata na kuku wa jirani. Mwenyewe hakujua kilichomwinua. Mimi najua: yalikuwa macho ya yule mwanamke.

"Mpeni mwalimu dakika zake tisini," alisema. "Waingereza watarudiwa."

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine angethubutu kutupanga hivi?"

Watu wakacheka, Hemedy akabadili chaneli, Haidari akampisha kiti. Basi wakatazama. Jamani, wale watoto! Walipiga pasi kama wanaosoma mawazo ya wenzao, wakaanguka na kuinuka bila kulia. Kipindi cha pili hakuna aliyekumbuka Waingereza. Vibarua wa stendi walikaa midomo wazi.

"Raundi ijayo mwanafunzi wangu atakuwemo," yule mwalimu, jina lake Shufaa, alisema kipenga cha mwisho kilipolia. "Sikujua. Winga wa kushoto, anatoka Kiongoroni."

"Kule kwenye mikoko?" Haidari aliuliza. "Wanachezea wapi, juu ya maji?"

"Juu ya matope, maji yakitoka. Mtu aliyejifunza kukimbia kwenye matope, ukimweka kwenye nyasi utamkamatia wapi?"

Haidari akatoa simu yake mfukoni. Aliomba namba ya simu.

Mapenzi hayana adabu, hayakungoja hata wiki ipite. Simu zilianza asubuhi kabla ya kengele ya shule, zikaendelea mpaka watu wa nyumba wakaguna.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula wali kwa samaki. Na wewe, bwana karani?"

"Mimi nimekula mhuri. Leo vyeti arobaini."

"Masikini! Njoo uwanjani jioni nikupe maji ya kunywa."

"Maji tu?"

"Ukitaka zaidi, kimbia raundi tano na wanangu."

Akaenda, akakimbia raundi mbili, akalala chini kwenye majani. Wasichana walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini hapohapo, akiwa chali anahema, alimwona Sikujua akipita na mpira pembeni ya mstari, na kicheko kikamwishia. Yule binti hakuwa anakimbia, alikuwa anateleza. "Subhanallah," alisema, na Shufaa akamwangalia kwa mapenzi kuliko siku zote.

Barua ikaja: Sikujua ameitwa kambi ya taifa Dar es Salaam. Kibiti nzima ilisikia. Siku ya nne akiwa kambini, ikaja simu: cheti cha kuzaliwa kifike kabla ya Jumatatu saa sita, la sivyo jina lake litaondolewa.

Hakuwa na cheti. Alikuwa na kadi ya kliniki tu, iliyochakaa na kunuka moshi, ambayo mama yake alimpa siku alipoondoka kwenda kuandikishwa shule Kibiti. Shufaa akaipeleka kwa Haidari akiwa na furaha, mtandio wa njano begani. Haidari akaisoma, akaisoma tena.

"Shufaa, kadi hii inasema ana miaka kumi na minane."

"Kadi ni kuukuu, wino umefifia. Mtoto namjua, ana kumi na mitano! Kambini wamempima kifundo cha mkono kwa mashine, mifupa yake ni ya kitoto. Andika kumi na mitano."

"Wino haujafifia. Mwaka unasomeka. Niletee ushahidi mwingine nitaandika."

"Leo Alhamisi, Haidari! Kiongoroni hakuna simu inayoshika. Ushahidi nitautoa wapi?"

"Siwezi kuandika nisichokijua."

Shufaa alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Ungekuwa unanipenda ungeandika."

Akaondoka, kadi akaiacha mezani. Haidari alipiga simu mara tatu, zote zikakatwa. Ya nne ikapokelewa. "Usinipigie. Kaa na mhuri wako." Ikakatwa.

Alikaa. Akaitazama ile kadi kwa hasira, halafu kwa huzuni, halafu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea, akaanza kuisoma yote na si tarehe ya juu peke yake. Ndani kulikuwa na uzito wa mtoto. Mwezi wa kwanza, kilo tatu na nusu. Wa pili, kilo nne na robo. Wa tatu, kilo tano. Kisha kimya, karibu miaka mitatu ya visanduku vitupu. Halafu, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine: kilo tatu.

Mtoto wa miaka mitatu, kilo tatu?

Ijumaa asubuhi aliomba ruhusa, akashuka bandarini Nyamisati, akapanda boti ya injini. Hakuwahi kuingia delta maishani mwake, yeye mtoto wa nchi kavu huko Ikwiriri. Mikoko ilisimama pande zote mbili, mizizi nje, mirefu kuliko minara ya misikiti aliyoijua, na vijito vikagawanyika mpaka akaacha kuhesabu. Alijiuliza mtoto anawezaje kutoka humu akafika kwenye jezi ya taifa. Aliona haya kwamba aliwahi kufanya mzaha na mahali hapa.

Kiongoroni alimkuta Bi Mwanahawa, mama yake Sikujua, anafunga kaa kwa ukindu. Haidari akamsalimu shikamoo, akajieleza, akamwekea kadi mapajani.

"Mama, nisamehe. Kadi hii ina watoto wawili."

Mikono ya mama ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Kilo."

Akamweka kaa chini. "Wa kwanza nilikaa naye miezi mitatu, homa ikamchukua. Naye jina lake Sikujua. Huyu alipozaliwa nikamtazama, uso uleule, kilio kilekile, nikasema karudi. Nikampa jina lake. Manesi wa boti walipokuja nikawapa kadi ileile. Ningeomba kadi mpya vipi, mwanangu? Kuomba mpya ni kusema yule kafa. Miye sikuweza."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua ila mkunga Sijaona, kawapokea wote wawili."

"Mama, bila ya ninyi wawili kuapa, Jumatatu wanamtoa."

Bi Mwanahawa alitazama kaa wake, akatazama maji. Tangu aolewe hakuwahi kuvuka Nyamisati. "Weye ungoje maji yajae," alisema akiinuka. "Niende nikamwite Sijaona."

Huku Kibiti, hasira ya Shufaa ilidumu mpaka Jumamosi adhuhuri. Akapiga. Namba haipatikani. Jioni haipatikani. Jumapili haipatikani. "Amenifungia," alijiambia, akalia juu ya madaftari ya wanafunzi. Nilimhurumia, ingawa alijitakia.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikwenda ofisini, akijiandaa kwa ugomvi. Alimkuta Haidari anatoka kwa hakimu. Shati lile halikuwa na pasi, suruali ina matope mpaka magotini, na nyuma yake kina mama wawili wenye kanga mpya, wamechoka.

"Mwalimu," Bi Mwanahawa alisema, "tumeapa." Akamweleza yote palepale kwenye varanda.

Baadaye, cheti kilipokwisha kupigwa mhuri na kutumwa kambini, Shufaa alimfuata Haidari bombani anapoosha miguu.

"Ulikwenda mpaka kule bila kuniambia?"

"Ulikata simu, kipenzi. Na ningekwambia nini, kwamba nina wasiwasi na kilo?"

"Nilikwambia maneno mabaya."

"Uliyasema kwa ajili ya mtoto. Lakini ningeandika uongo, kila akigusa mpira ungekuwa unaogopa. Sikutaka uwe unaogopa."

Alilia, kwa haya na kwa mapenzi, na hakujali makarani waliokuwa wanachungulia dirishani.

Ikabaki simu moja. Bi Mwanahawa aliishika kwa mikono miwili, akamwambia binti yake aliye kambini yale aliyoyaficha miaka kumi na mitano. Mama akafumba macho.

"Kumbe nina dada," Sikujua alisema hatimaye. "Kazikwa wapi, mama? Nikirudi unipeleke nikamwombee."

Siku ya mechi walikaa watatu kwenye jukwaa la uwanja mmoja huko Mbagala: Haidari, Shufaa na mama katikati. Wimbo wa taifa ulipoimbwa, maelfu wakasimama, na Bi Mwanahawa akasimama nao, mdogo, kanga imekazwa kiunoni. Sare ingewatosha, lakini mpaka dakika ya sabini walikuwa nyuma kwa bao moja. Ndipo kikanyanyuliwa kibao cha mabadiliko: anaingia namba kumi na moja, Sikujua.

Mpira wa kwanza alioupata aliusimamisha, akamtazama beki, akaondoka. Beki akabaki anageuka. Uwanja mzima ukainuka bila kuambizana, wazee, wauza maji, askari wa getini. Krosi ikapita juu ya vichwa vitatu, ikamkuta mwenzake, bao. Shufaa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, machozi yanamtiririka. Bi Mwanahawa hakupiga kelele. Aliinua mikono kama anayeomba dua, akimtazama mwanawe aliye hai akikimbia kwenye nyasi.

Sare ikashikiliwa mpaka mwisho. Katika vurugu za furaha Haidari akainama nyuma ya mgongo wa mama.

"Shufaa. Nikuoe?"

"Hapa? Posa haiulizwi uwanjani kama bei ya machungwa."

"Basi naulizia wapi?"

Shufaa alifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Baba yuko Mbwara. Ijumaa baada ya swala huwa hatoki nyumbani."

Bi Mwanahawa, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu wimbo wa taifa, alipiga kigelegele kirefu, na waliokaa jirani wakadhani ni cha mpira.