Skana ya Zenon na Picha ya Marehemu Baba

Baridi ya Sumbawanga ilikuwa kali asubuhi ile. Leonia alikoroga uji jikoni. Mumewe, Zenon, alikuwa sebuleni akigombana na mashine.

Zenon alikuwa na kompyuta kuukuu na printa. Sasa alikuwa amenunua skana huko Mbeya, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Alitaka nakala ya picha ya marehemu baba yake. Picha ilikuwa moja tu, na unyevu ulishaanza kuila. Mama yake, Bibi Stefania, aliileta kutoka Mwimbi. Mchana angepanda basi kurudi nayo.

"Niachie kidogo tu, Mama."

"Nilimwachia mpiga picha, ikarudi imekatika pembe. Haibaki."

Zenon akachomeka waya huku kompyuta inawaka. Akabonyeza. Skana ikakoroma. Picha haikuonekana.

"Umetununulia mashine ya kusaga," alisema Leonia mlangoni, mwiko mkononi.

"Acha kunicheka. Kamwite Atusaye."

Atusaye, jirani yao, alikuwa karani aliyezoea kompyuta kazini. Alimwamkia Bibi Stefania shikamoo, kisha akatazama nyaya.

"Shemeji, zima vyote kwanza. Ukichomeka waya huu vikiwa vinawaka, unaweza kuunguza kompyuta."

Zenon akazima.

"Kompyuta hii ya zamani ina tundu moja tu la printa. Waya wake uingie kwenye skana. Printa nayo ichomeke nyuma ya skana."

"Ndivyo nilivyofanya. Na programu nimeiweka jana. Inakoroma tu."

Atusaye akapapasa chini ya skana. Palikuwa na kifungo kidogo cha plastiki.

"Nani alifunga hapa?"

"Mimi. Barabara ya Tunduma ni mashimo matupu. Muuzaji alisema nifunge, taa ya ndani isivunjike."

"Ulifanya vizuri. Lakini safari imekwisha, shemeji. Taa inataka kutembea, wewe umeifunga."

Leonia akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Zenon akafungua kifungo. Akawasha printa na skana kwanza, kisha kompyuta. Bibi Stefania akaweka picha mwenyewe.

"Uso uangalie kioo, Mama," alisema Atusaye.

Taa ikatembea polepole. Kwenye kompyuta ikatokea kofia, yakafuata macho, kisha shati.

"Hiyo kola niliipiga pasi mimi," alisema Bibi Stefania.

Printa ikatoa nakala safi. Bibi akaifunga ndani ya kanga, akampa Zenon ile ya zamani.

"Hii ibaki."

"Si ulisema haibaki?"

"Nilikuwa sijamwona baba yako akitoka humo."