Neno "Kupimwa" Nyumbani kwa Kavumbi

Ndugu zangu, nyumba ya Kavumbi na mumewe Mwambire, kule Tezo, ilikuwa na amani ya aina isiyosimuliwa, kwa kuwa haina kisa. Jioni waliketi kibarazani wakimenya mihogo, mume akidai kwamba mkewe humenya maganda manene, mke akimjibu kwamba aliyelelewa na njaa huhesabu hata maganda. Waligombana hivyo tangu ujanani, na hakuna aliyetaka kushinda.

Siku moja mkaza mwana wao, Viola, mke wa mwana wao Gona, alikuja kutoka Kibarani. Aliwaamkia, akaketi, akaeleza kwamba zahanati inawachunguza wanawake mlango wa kizazi, hata wasioumwa, ili saratani isipate nafasi. Hayo yote yalipokewa vyema. Kisha akateleza kwa neno moja.

"Mama, kesho nitakupeleka ukapimwe."

Kisu cha Mwambire kikasimama. Msomaji wa mbali asishangae: kwetu kupimwa, kukitajwa peke yake, ni kupimwa virusi vya Ukimwi tu, na mke aendaye kupimwa ama amemshtaki mumewe, ama amejishtaki mwenyewe. Viola alifafanua tena na tena, lakini neno likishaketi halingoji kukaribishwa.

Mwambire hakukataza. Aliuliza tu, kwa upole, "Mama Gona, kuna jambo nimekukosea?"

Upole huo ndio uliomshinda Kavumbi. Laiti angegombezwa, angekwenda. Alimtazama mume asiyewahi kumpa sababu ya kumshuku, akaona heri aiache safari kuliko kumwachia swali lile. Akamwambia Viola kwamba yeye ni mzima. Na kweli alijiona mzima, kama sote tunavyojiona hadi tuambiwe vinginevyo.

Mwaka uliofuata damu ilianza kumtoka nje ya siku zake. Aliificha, akifua kanga zake kabla wengine hawajaamka. Wanaume hudhaniwa hawaoni yaliyoanikwa kambani, lakini Mwambire aliona.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Na safari ile ulikataa kwa nini?"

"Nilichelea utadhani nakushuku, Baba Gona."

"Ungenishuku tu," Mwambire akasema. "Ningenuna siku mbili, kisha ningekula."

Wakaenda. Saratani ilikuwepo, ila haijasambaa. Muuguzi Nyale aliwaeleza bila lawama: pengine mwaka uliotangulia wangekuta dalili za awali tu, wakazitibu siku hiyohiyo, naye Kavumbi akarudi nyumbani kupika. Sasa ilibidi apasuliwe Mombasa, kizazi kiondolewe. Kavumbi aliingia chumba cha upasuaji akiamini kwamba hatamwona tena mumewe. Alimwona. Alipofumbua macho, Mwambire alikuwa kando ya kitanda, amekula chakula cha mgonjwa.

Siku hizi, Kavumbi akienda kuangaliwa hali yake, naye Viola akienda kuchunguzwa, Mwambire huwasindikiza wote wawili. Majirani humwuliza ni nani anayeumwa.

"Hakuna," hujibu. "Ndiyo maana tunakwenda."

FUNZO

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na kuijua hakujawahi kuziba ufa wowote. Mwanamke asingoje maumivu ndipo aende zahanati. Uchunguzi huu ni wa walio wazima. Na tuutaje kwa jina lake lote, uchunguzi wa mlango wa kizazi, ili neno lililokatwa nusu lisije likamkata mtu. Anayempenda mkewe amsindikize. Kununa kuna dawa. Kuchelewa, mara nyingi, hakuna.