Oili ya Unyayoni

"Mimi kelele za cherehani zinanichosha. Kikinyamaza hata wiki, nitalala kama mfalme!" Nilijigamba hivyo mbele ya shangazi aliyeishi nasi. Mama akacheka, akazidi kukanyaga pedali.

Mama ni fundi nguo. Hukanyaga pedali bila kiatu. Anasema mguu lazima uisikie mashine. Unyayo wake wa kulia ulikuwa na doa jeusi. Tuliliita oili, tukidhani ni ya cherehani.

"Mama, oili hiyo imekupenda," nilimtania.

Kila jioni alilisugua kwa jiwe. Doa halikutoka. Lilipanuka.

Siku moja jirani yetu muuguzi alikuja kushonesha sare. Aliinama kuokota pini, akakawia kuinuka.

"Dada, hili doa lina muda gani?"

"Oili tu, mdogo wangu."

"Oili gani ina kingo zisizo sawa na rangi mbilimbili? Linakua?"

Mama akauvuta mguu chini ya kiti. Nikadakia, "Anti, sisi ni weusi. Jua lenyewe linatuogopa."

"Na unyayo unaota jua saa ngapi, mjuaji?"

Shangazi aliangua kicheko. Mimi nilitafuta pa kuangalia.

Muuguzi akatueleza. Saratani ya ngozi huwapata watu wa rangi zote. Kwetu weusi mara nyingi hujificha unyayoni, kiganjani au chini ya kucha.

"Ukiona doa jipya, doa linalobadilika au kidonda kisichopona, nenda ukapimwe. Usisugue, usikate. Jua nalo ni hatari, hasa kwa wenye ngozi nyeupe na wenye ualbino. Wavae kofia pana na mikono mirefu, wapake losheni ya kukinga jua, wakae kivulini."

"Nitakwenda nikimaliza nguo za wateja," mama akasema.

"Nguo zitasubiri, dada. Doa likiwahiwa, mara nyingi kulikata hospitalini kunatosha. Likichelewa, linasambaa mwilini."

Kesho yake mama alikwenda. Daktari alichukua kipande kidogo, kikapimwa. Ilikuwa saratani, lakini bado changa. Mama akalazwa hospitali ya mji wa mbali afanyiwe upasuaji.

Nyumba ikawa kimya. Asubuhi niliamka nikisubiri ile taka-taka-taka. Sare ya muuguzi ilikuwa bado chini ya sindano, mshono umeishia katikati. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea vilevile alivyouacha. Shangazi alipiga simu hospitali, akaambiwa doa limetolewa lote. Nilifurahi, lakini simu haina pedali.

Mchana mmoja shangazi alitoka. Nikaisogeza sare, nikavua kiatu, nikakaa pale. Nikafumba macho, nikakanyaga. Taka-taka-taka.

"Mfalme, unashona nini bila kitambaa?"

Mama! Alisimama mlangoni na mkongojo, mguu kwenye bandeji. Shangazi alikuwa nyuma yake na mzigo.

"Inua huo unyayo niuone," mama akasema. "Daktari ameniambia nirudi kuangaliwa. Na humu ndani tutakaguana kila mwezi, vidole mpaka visigino."

Nikainua mguu. Akauchunguza kama mshono wa mteja mkorofi. Kisha akaniangalia usoni.

"Unyayo safi. Na hayo maji mashavuni ni nini?"

"Oili tu, mama."